Kidari cha Mama Kiko Mfuko Gani?

Lewisville, 19 Novemba 2000

Mpendwa wifi yangu Bernadette,

...basi ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye mapazia, simu ikakatika. Modestus anasema imekatika yenyewe. Mimi nilisikia kabisa inavyobamizwa, lakini kwa kuwa siku hizi nina furaha nimeamua kumwamini mume wangu, na naendelea pale pale nilipoishia.

Mapazia ni ya rangi ya chungwa lililoiva, kama ya kwetu Muheza. Nimeyashona kwa mkono kwa sababu cherehani bado sina. Ni ya chumba cha Mama. Kile chumba cha pili ambacho Modestus alikuwa akiweka baiskeli yake sasa kina kitanda, blanketi mbili nzito, na taa ndogo ya pembeni kwa ajili ya kusoma rozari. Sebuleni kuna mti wa Krismasi wa plastiki unaogusa dari. Jana Modestus alipanda kiti kufunga taa za rangi barazani, mimi nimemshika miguu, tukaanguka wote wawili na kiti chetu, tukacheka mpaka jirani akatoka kuangalia.

Wifi, sijui kama ulipoolewa nawe ulikuwa hivi. Leo ni mwezi mmoja na siku tano. Asubuhi akiondoka kwenda kazini Plano nasimama dirishani mpaka gari lipotee, halafu narudi kunusa mto wake. Ndiyo, nakwambia wewe dada yake. Cheka tu, mimi sioni haya.

Sasa nije kwenye ombi langu, lile ambalo simu haikutaka nilimalize. Najua Krismasi ya familia huwa kwako Stafford kila mwaka. Lakini mwaka huu Mama yupo Marekani, na mwanawe wa kiume wa pekee ameoa. Nataka Mama ale Krismasi kwenye meza yangu. Nyie mmenijua siku moja tu, pale kanisani. Mama anarudi Kibosho Januari. Kama hataingia nyumbani kwangu kabla ya hapo, akiulizwa mke wa Modestus ni mtu wa namna gani, atajibu nini? Kwamba aliona shela?

Wewe, shemeji Samson na mtoto wenu Lydiah mnakaribishwa wote. Mpe shemeji salamu zangu. Sauti yake hata siijui, maana harusini hatukumwona, ulisema lori lake liliharibika Oklahoma.

Shikamoo, na nasubiri simu yako.

Abigail, mke wa Modestus (bado napenda kuliandika)


Stafford, 25 Novemba 2000

Abigail,

Marahaba.

Usipige tena simu kwa jambo hili. Simu iko sebuleni, Mama yuko sebuleni kutwa nzima, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Nilikata mimi, haikukatika yenyewe. Ukiwa na neno, andika, nitajibu nikitoka kazini. Nina wazee kumi na wawili wa kuogesha na kulisha, sina muda wa kusimuliwa mapazia.

Mama haji Lewisville. Ana miaka sitini na minane na magoti mabovu, na huko kwenu barafu huanguka mpaka watu wakavunjika viuno kwenye ngazi. Huku kwetu haianguki. Isitoshe, Krismasi ya familia hii iko Stafford tangu mwaka tisini na tatu, pale Modestus alipoingia nchi hii na sanduku moja na koti la kuazima. Nani alimpokea? Alikula kwangu miaka minne kabla hajajua njia ya kwenda Plano. Na habari za mto wake usiniandikie tena. Mimi nimefua mashuka ya Modestus tangu akikojoa kitandani, hakuna harufu yake nisiyoijua.

Kuandaa nyumba, hata mimi naandaa. Chumba cha wageni kinapakwa rangi. Samson yuko safarini na lori, kama kawaida yake.

Halafu unasema "meza yangu". Meza ya Krismasi kwetu haianzi na mapazia wala taa za barazani. Inaanza na mbuzi. Watu wa Muheza mnajua machungwa na nazi. Kama kweli unajiona uko tayari kumpokea mama yetu, tafuta mbuzi mzima, umwandae, halafu ndipo tuongee. Ukishindwa, kaa kimya na mti wako wa plastiki.

Bernadette


Lewisville, 30 Novemba 2000

Wifi,

Mbuzi yupo!

Nimeanza na hilo kwa sababu siwezi kulizuia. Jumanne nilimwomba Charlotte, jirani yangu Mkongo wa ghorofa ya chini, anipeleke na gari lake kwa Omer muuza nyama. Kwa Omer mbuzi wanatundikwa wazima. Nikachagua dume, ana mafuta ya kiasi, shingo nene. Omer akaniuliza, "Nikukatie?" Nikamwambia kata, tena kata vizuri, ni wa mama mkwe. Akampitisha kwenye msumeno wa umeme, wifi! Vipande vyote sawa sawa, pembe nne, utasema ni sabuni za mche zilizokatwa dukani. Charlotte akasema hata kwenye harusi za kwao Bukavu hajaona nyama nadhifu namna ile. Nimeitia kwenye mifuko arobaini na sita, kila mfuko na namba yake, na mfuko wa kwanza nimeuchora moyo.

Modestus aliporudi nilimziba macho, nikamwongoza mpaka jikoni, nikamfungulia friza. Akachukua mfuko mmoja, akaugeuza, akaurudisha. Halafu akanikumbatia, akasema, "Ni nyama nzuri, Abi," akajifuta macho. Nimeolewa na mwanamume anayelengwa na machozi kwa ajili ya mbuzi! Nikambusu hapo hapo friza likiwa wazi.

Na ya barafu usiniogopeshe. Modestus amelivika bomba la nje soksi zake kuukuu na kulifunga kwa plastiki, lisipasuke maji yakiganda. Chini ya mlango nimejaza sponji. Hita imesafishwa, inanguruma vizuri. Mama atakaa kama yai.

Sasa na mimi nina la kwangu. Jumapili nilizungumza na Mama ukiwa kazini. Usikasirike, nilimpa pole ya magoti tu. Akaniambia analala kwenye kochi la sebuleni kwa sababu chumba kinapakwa rangi. Wifi, Mama alifika tarehe nane Oktoba. Hiyo ni rangi gani isiyokauka kwa wiki saba? Mama mzazi wa mume wangu analala kwenye kochi kwako, na kwangu kuna kitanda kimetandikwa kinamngoja. Kati yetu wawili ni nani hajui kuandaa nyumba?

Ulisema mbuzi mzima, halafu tuongee. Haya, tuongee. Jumamosi tarehe tisa Modestus anakuja kumchukua. Amesema, "Nita-drive mwenyewe, ni saa nne na nusu tu." Mwandalie Mama koti.

Shikamoo.

Abigail wa Modestus


Stafford, 4 Desemba 2000

Abigail,

Nimesoma barua yako bafuni, bomba nimeliacha wazi Mama asisikie. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikaniisha.

Umempitisha mbuzi wa Krismasi kwenye msumeno.

Ngoja nikufundishe, maana mumeo ameona aibu kukufundisha. Kwa ukoo wetu mbuzi wa Krismasi hakatwi ovyo. Kisu kinafuata viungo, na kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha Mama, kizima, anakipokea kwa mikono miwili kabla mtu yeyote hajatia kitu mdomoni. Mkono wa kulia ni wangu, binti mkubwa. Paja ni la Modestus. Mgongo ni wa mkwe wa kiume. Hata mtoto ana ubavu wake. Mtu akikosa fungu lake ameambiwa atoke, hata kama sahani yake imejaa. Wewe umewatoa watu wote kwa siku moja, tena kwa umeme. Kidari cha Mama kiko mfuko gani? Wa tisa? Wa thelathini na tatu? Au ndicho ulichokichorea moyo?

Na kwa kuwa unalipenda sana hilo neno "mke", sikiliza na hili. Mke mpya hana fungu. Anakula kinachobaki, mpaka siku mama mkwe atakapomkatia kipande kwa mkono wake. Wapo waliongoja miaka.

Modestus hakulengwa na machozi ya furaha, mjinga wewe. Alikuwa anatafuta kidari cha mama yake kwenye mifuko ya plastiki.

Nimemweleza Mama yote. Aliomba chai.

Rangi ya nyumba yangu haikuhusu. Modestus asije hiyo Jumamosi. Akija nitafunga mlango, akae kwenye gari lake na harufu ya manukato yako. Samson akirudi tutakwenda kuchinja kule shambani nje ya mji kama miaka yote, na yeye ndiye atakayeshika kisu. Ndivyo Krismasi inavyoandaliwa.

Bernadette


Lewisville, 8 Desemba 2000

Bernadette,

Leo shikamoo sitoi.

Ulijua. Uliandika "tafuta mbuzi mzima, umwandae" ukaishia hapo. Neno moja tu lingenitosha: usimkate. Ulikuwa nalo, ukalimeza, ukakaa kungoja barua yangu. Nilipokuandikia kwa furaha yote ile, na moyo nimechora, wewe ulikuwa bafuni unacheka.

Nilimuuliza Modestus. Kweli alijua tangu nilipomfungulia friza. "Mbona hukuniambia?" Akasema, "Ulikuwa umeweka na namba, Abi. Ningeanzia wapi?" Nilimpiga na mto, nikalia, nikambusu, nikampiga tena.

Halafu akataka kutengeneza mambo, maana ndivyo alivyo mume wangu. Jana alimpigia Samson kwenye simu yake ya mkononi, amwombe siku ya kuchinja achinje wawili, mmoja atuwekee sisi, viungo vizima. Unajua Samson alijibu nini? "Kwani dada yako hajakwambia?" Anaishi San Antonio tangu Agosti. Ana mtu mwingine huko. Lori halikuharibika Oklahoma wala popote.

Basi nieleze, mwalimu wangu. Huyo mbuzi wa shambani, kisu atashika nani? Mgongo utampa nani? Na ndani ya hicho chumba cha rangi mna nini? Unanifundisha fungu la kila mtu, na kwenye meza yako kiti cha mume ni kitupu miezi minne. Mimi nimeharibu mbuzi kwa kutokujua. Wewe unamdanganya mama yako mzazi kila asubuhi akiinuka kwenye kochi, na unajua kabisa.

Hutaki Mama aje kwangu kwa sababu akija utabaki peke yako. Hiyo ndiyo barafu unayoiogopa.

Modestus amenikataza kuandika hivi. Amekwenda kazini. Naiwahi posta kabla hajarudi.

Abigail


Stafford, 14 Desemba 2000

Kwa Abigail, mke wa mwanangu,

Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja. Vikaratasi vya watoto wanaotukanana nimevikamata vingi, ila vyenu vimenishinda.

Tangu nifike hapa nina kazi moja. Saa nane mchana nachukua ufunguo, natembea mpaka kwenye masanduku ya barua pale langoni, narudi. Daktari amesema inafaa kwa magoti. Kwa hiyo barua zako zote nimezibeba mimi. Bernadette alikuwa akizisoma bafuni na bomba likitiririka, akidhani mama yake haoni kwamba anaingia kuoga na viatu. Nilimwacha. Lakini hii ya tarehe nane niliifungua. Dhambi hiyo nitaiungama mwenyewe, usinisaidie.

Habari za Samson nilizihisi. Mlangoni hakuna kiatu cha mwanamume. Mtoto Lydiah nikimuuliza baba yuko wapi, ananijibu "He's driving, Bibi", haraka haraka, macho yako kwa mama yake. Mimi sikuuliza zaidi. Nilikuwa nangoja Bernadette aniambie mwenyewe, siku akiweza. Umeniambia wewe, kama mtu anayemwagia mwenzake maji ya moto.

Aliporudi kazini Jumatatu nilikuwa nimemwekea karatasi yako mezani. Alinipa na zile barua zako nyingine nizisome, akaleta ufunguo tukafungua kile chumba pamoja. Hamna rangi. Mna maboksi kumi na moja ya nguo za Samson, suti yake ya harusi iko juu, imekunjwa vizuri. Alikuwa anamngoja azifuate, au anamngoja arudi, hata yeye hajui. Jana tumeyatoa maboksi yote tukayaweka gereji. Leo nimelala kitandani na mgongo umenishukuru.

Sasa nawaambia, na hii barua nimemsomea Bernadette kabla ya kuifunga. Wewe Abigail ulisema kweli, lakini uliisema ili iume. Yeye alikuwekea mtego kwenye kitu ambacho si cha kutegea watu. Ni mbuzi wa Krismasi, tunamla ili tuketi pamoja. Na yule bwana mkubwa wa Plano amewaacha mpigane, yeye anafunga taa barazani. Mwambie nimesema hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mmenivuta huku na huku tangu Novemba, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi nataka kula wapi.

Basi sikilizeni. Krismasi siji Lewisville. Siwezi kumwacha binti yangu na kiti kitupu nikaja kukaa na watu wawili wanaonusa mito. Na nasikia juzi huko kwenu barafu imekata nyaya za umeme.

Lakini yule mbuzi msimpike, wala msimgawie mtu. Mleteni hapa, mifuko yote arobaini na sita. Kidari nimekipokea kwa mikono hii miaka ishirini, na kabla ya hapo nilikuwa nikimwona mama mkwe wangu akikipokea. Mfupa wake ni laini, una kama sega, siwezi kuukosea. Tutamimina yote juu ya meza, tutampanga mfupa kwa mfupa mpaka tujue kipi ni cha nani. Mimi na Bernadette tunavijua viungo. Wewe utatupatia mifuko. Mgongo mwaka huu atakula Bernadette pamoja na mkono wake. Anayebishana aje abishane na mimi.

Mvae vizuri njiani.

Mama yenu


Stafford, 16 Desemba 2000

Abigail,

Mama amesema niandike, kwa hiyo naandika.

Barua yako ya tarehe nane niliichana. Kisha nikaiunganisha kwa gundi ili nisije nikaisahau. Hukusema uongo. Ulichonikosea ni kuniwahi. Nilikuwa nimepanga kumwambia Mama baada ya sikukuu, akishakula kidari chake kwa amani. Siku hiyo ilikuwa yangu, ukanichukulia, na sioni utairudishaje.

Ndiyo, sikukwambia usimkate. Nilitaka ushindwe. Nimelisema mbele ya Mama na sasa nimekuandikia, usiniulize tena.

Bado sikupendi. Ukija hapa usinishike shike mikono wala usilie jikoni kwangu. Nyie mtalala kwenye kochi, ujue lilivyo. Nazi usiitie kwenye kitu chochote. Na hayo mapazia yako ya rangi ya chungwa, kama ni marefu, yalete. Kile chumba dirisha lake liko wazi, na jua la asubuhi linampiga Mama usoni.

Bernadette


Lewisville, 20 Desemba 2000

Shikamoo wifi. Shikamoo na wewe Mama, maana najua ni wewe utakayeifungua.

Ni kweli umeme ulikatika, siku mbili nzima. Hita ikanyamaza. Mimi na Modestus tulivaa makoti yetu yote tukajifunika blanketi zote mbili kwenye kitanda cha Mama, tukawa tunakula mikate na siagi ya karanga na kuulizana nani alikuwa na wazo la kuhamia Marekani. Ilikuwa tamu, lakini Mama asingeiweza. Hapo ulikuwa sahihi, wifi. Nimeandika kwa wino ili uwaonyeshe watu. Mbuzi naye tulimweka nje barazani, barafu ikamtunza kuliko friza. Taa za Modestus zote zimeanguka. Nimempa maneno ya Mama kama yalivyo, akainamisha kichwa kama yuko darasa la tatu, nikamwonea huruma, nikamkandia chapati.

Ile Ijumaa ya tarehe nane, nilipotoka posta nilisimama nje karibu dakika kumi. Nilitaka kurudi ndani niombe barua yangu. Sikurudi. Nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa tamu, na nimekuwa na aibu tangu siku hiyo. Kwa kukuwahi naomba radhi, wifi. Kwa kuuliza ile rangi siombi. Mama alikuwa kwenye kochi.

Na mimi sikupendi bado, kama tunasema ukweli. Lakini nampenda kaka yako kiasi kwamba imenibidi nizoee watu wenye pua kama yake.

Mapazia nimeyashusha na kuyakunja, yatafika dirisha lolote. Mifuko nimeipanga kwenye masanduku mawili ya barafu. Jana nilifungua mitatu nijaribu mwenyewe kukitafuta kidari. Nilivitazama vile vipande nikaona ni mifupa tu, yote sawa. Nilimnunua mnyama mzima, nikaondoka dukani nafurahi, na sikumjua kiungo hata kimoja. Nikaifunga, nikaosha mikono.

Ulisema mke mpya hana fungu. Sawa. Nitasimama pembeni ya meza niwape mifuko, moja mpaka arobaini na sita, na sitagusa kitu. Lakini mkishampanga, Mama akiwa na kidari chake na wewe na mkono wako na mgongo wako, kukabaki kipande ambacho nyote wawili hamkitambui, msikitupe. Niwekeeni.

Redio inasema barafu inarudi mwisho wa wiki na barabara ya 45 huenda ikafungwa. Tumepanga kuondoka Jumamosi asubuhi. Barafu ikituzuia Jumamosi tutakuja Jumatano, ikituzuia Jumatano tutakuja tarehe thelathini, na mbuzi atangoja maana ameshazoea. Funga mlango ukitaka, wifi, nitagonga. Mwezi huu hauishi kabla sijaingia kwako.

Abigail